Mpagazi Aliyeniomba Nimtue

Mwaka 1936 nilikuwa kijana wa miaka ishirini na mitano. Mchana nilifanya kazi ya kupanga mabehewa katika stesheni ya Tabora, na jioni nilikwenda shule kusoma hesabu na kuandika. Nilikuwa nimeoa, nakaa mtaa wa Cheyo na mke wangu Tekla, na nyumbani nilikuwa na rafu yenye vitabu sita. Mtu aliyejifunza kusoma akiwa mkubwa, baada ya kutwa nzima ya kufunga minyororo ya mabehewa, huamini kwamba jambo ambalo halimo kitabuni ni maneno ya kupitisha wakati tu. Ndivyo nilivyokuwa.

Baba yangu, Kasimiri Mahona, hakujua kusoma. Ujana wake wote alikuwa mpagazi. Alibeba pembe kutoka Ujiji hadi Bagamoyo, akarudi na mitumba ya nguo, safari tisa, na bega lake la kulia lilikuwa na sugu kubwa kama yai la bata. Alijenga maili tisa magharibi ya mji, kando ya njia kuu ya misafara. Reli ilipofika njia ile ilikufa. Majani yakaota, miti midogo ikasimama katikati yake, na watu wote wakahamishia milango yao upande wa barabara mpya. Baba alikataa. Mlango wetu ukabaki ukiangalia njia asiyopita mtu.

Mwezi wa pili wa mwaka ule Tekla alishikwa na homa kali. Alipopata nafuu kidogo niliomba likizo ya siku saba, nikampakia kwenye baiskeli nikampeleka kwa baba, ambako shangazi yangu Paskazia angemwangalia. Siku ya tatu alikula ugali na mlenda, akaomba tena. Akaanza na maneno yake.

"Shangazi, umwulize huyu alivyonileta. Kanifunga nyuma ya baiskeli kama gunia la karanga. Kila korongo ananiuliza, 'Bado upo?'"

"Na wewe ukamjibu nini?" akauliza shangazi.

"Nikamwambia nimeshuka zamani, asukume tu."

Shangazi alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga. Nami nilicheka, maana kwa wiki tatu nilikuwa sijasikia sauti ile. Usiku ule niliahidi moyoni kwamba Mungu akimponya mke huyu sitaomba kitu kingine.

Siku ya nne, saa sita mchana, nilikuwa peke yangu uani natengeneza mnyororo wa baiskeli. Baba alikuwa amekwenda porini kuangalia mizinga yake ya nyuki. Tekla alilala ndani na shangazi alikuwa kisimani. Nikainua macho, nikaona mtu amesimama mbele ya mlango, upande wa ile njia ya zamani. Alikuwa amebeba mtumba mkubwa begani, umefungwa kwa mkeka na kamba za magome.

Hakuwa na kitu cha kutisha. Alikuwa mtu wa makamo, amevaa kaniki, uso wake mpole. Ilikuwa saa ya mbung'o, nami nilikuwa najipiga shingoni kila mara, lakini yeye hawakumgusa. Niliona hilo, nikadhani ana dawa.

"Hodi wenyewe."

"Karibu. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Njia ni ndefu na jua ni kali. Nitue."

Sasa nieleze kwa ajili ya wale waliozaliwa katika enzi za malori. Kwetu, mtu mwenye mzigo akikuambia "nitue", huulizi ametoka wapi wala ni nani. Unaacha ulichoshika unampokea. Baba alinichapa mara moja tu maishani, nilipokuwa mtoto, kwa sababu nilimwacha mama mmoja amesimama na mzigo wa kuni nikaendelea kucheza. Basi nilifuta mikono yangu yenye grisi, nikashika mtumba ule upande mmoja, naye upande mwingine, tukauweka chini ukutani. Ulikuwa mzito kuliko ulivyoonekana, na ulikuwa wa baridi. Nilimpa kigoda na maji. Alishika kata ya maji kwa mikono miwili, akashukuru, lakini sikumwona akinywa.

"Ndani kuna mgonjwa," akasema. Hakuuliza.

"Mke wangu. Amekwisha kupona."

"Vizuri," akasema. "Mimi sina haraka."

Baba alirudi saa nane, amebeba asali katika chombo cha magome. Alipofika kwenye kona ya ua alisimama. Hakumtazama mgeni. Alitazama mtumba. Kisha akatua asali yake polepole, akaniita nyuma ya nyumba.

"Nani kamtua yule?"

"Mimi, baba."

"Kwa mkono wako?"

"Kwa mikono yote miwili. Si ulinifundisha wewe?"

Akaitazama mikono yangu. Halafu akauliza, "Ule mtumba umeuona ulivyofungwa?"

"Umefungwa kwa kamba."

"Umefungwa kwa kamba! Umekaa shule ya jioni miaka minne, huwezi kutazama mzigo?" Akachukua vijiti viwili akanionyesha. Mpagazi wa Kinyamwezi, alisema, hufunga mtumba wake kati ya miti miwili mirefu, ikatokeza chini kama miguu. Akichoka, huuegemeza kwenye mti, mzigo ukasimama wenyewe. Akitaka kuondoka, huingiza bega chini yake akanyanyuka, hainami wala haombi msaada. "Safari tisa, Sylvester. Sikuwahi kumwambia mtu nitue, wala nitwike. Mpagazi wa njia hii haombi. Ni mmoja tu anayeomba."

Nilijua anakokwenda, nikaona aibu kwa ajili yake. Nilipokuwa mdogo alikuwa akisimulia habari hizo. Kambini jioni kirongozi wa msafara alipokuwa akipita motoni kuhesabu watu wake, mara nyingine alipata mtu mmoja zaidi. Hakuna aliyeuliza ni nani. Walisema tu, "Ni mwenzetu," wakampa nafasi motoni, maana ukimtaja jina lake halisi anageuka kukutazama. Asubuhi hesabu ilikuwa pungufu.

"Baba, yule ni msafiri tu. Labda ni mtu wa Utongwe, wanafunga mizigo yao wanavyojua."

"Mwenzetu hatwai mtu kwa nguvu," akasema kana kwamba sikusema kitu. "Hawezi kujifungulia mlango. Anaomba atuliwe. Ukimtua umemfungulia nyumba. Kisha anaomba atwikwe, na ukimtwika anaondoka na mtu wa nyumba hiyo, yule aliye dhaifu kuliko wote."

"Basi tusimtwike. Akae hapo."

"Akae. Na mgonjwa naye akae, haponi wala hafi. Niliona hayo Mpwapwa, mtu alilala siku arobaini akilia kama mbuzi, mpaka ndugu yake mwenyewe akatoka akamtwika mgeni kwa huruma."

Nilitaka kumjibu. Nilikuwa na maneno mazuri, niliyoyasoma, juu ya mbu na damu. Lakini shangazi Paskazia alitokea mlangoni, uso umembadilika.

"Sylvester, njoo. Mkeo anatetemeka."

Tekla alikuwa anaungua. Nilimpa kwinini, akaitapika. Nikampa nyingine. Jioni aliniita kwa jina la kaka yake aliyekufa, akaniambia nifunge mlango kwa sababu kuna mtu anamsubiri na yeye hajasuka nywele.

Kulipopambazuka nilitoa baiskeli. Nilisema nitampeleka hospitali mjini, maili tisa si kitu. Nilipombeba Tekla mikononi hadi uani, yule mgeni aliinuka kutoka kwenye kigoda chake, akajinyoosha kama mtu aliyelala vizuri.

"Mnasafiri? Vizuri. Nitwike, mwanangu, twende wote."

Alisema kwa adabu kabisa. Akainama akashika upande mmoja wa mtumba, akaningoja nishike wa pili, kama jana. Nami nakiri hapa jambo ambalo sijawahi kulikiri: mkono wangu ulisogea. Ni malezi. Mtu mzima ameinama mbele yako ameshika mzigo, mkono unasogea wenyewe. Shangazi alinipiga kofi kwenye kiwiko. Nilimrudisha Tekla ndani, na kutoka saa ile sikuwa na maneno mazuri tena juu ya mbu na damu.

Baba alikuwa amekaa juu ya kinu kilicholazwa, anavuta ugoro. Alikuwa na miaka kama sabini, magoti yake yamekwisha, na kwenda kwenye mizinga tu kulimtoa pumzi. Aliinuka, akasogeza kile kinu mpaka mbele ya mgeni, akakaa. Kwa mara ya kwanza akamtazama usoni.

"Sijui nikuamkie au uniamkie," baba akasema.

"Niamkie wewe," mgeni akajibu. "Wengi huniamkia mwishoni."

"Basi shikamoo."

"Marahaba, Kasimiri. Umezeeka."

"Na wewe hujabadilika. Hata kaniki ni ileile. Wake zako hawakufulii?"

Mgeni akacheka. Kicheko chake kilikuwa cha kawaida, na hicho ndicho kilichonitisha kuliko yote. "Tuliachana Bagamoyo," akasema. "Nilikuona unaoga baharini unapiga kelele kama mtoto."

"Nilikuona mimi pia. Nikakuacha na mtu wa Uyui, maana alikuwa mnono." Baba akapiga ugoro mwingine. "Mwenzetu, nikuulize. Njia hii tumepita watu wa kila namna, na kila mtu akitaja kabila lake kambini, apate watani wake na ndugu zake. Wewe sijakusikia. Kabila lako nini?"

"Mimi ni wa kila kabila."

"Kila kabila?"

"Hakuna nyumba isiyonijua."

"Basi wewe ni Mzigua," baba akasema.

"Ni Mzigua."

"Na Mgogo. Na Mzaramo."

"Vilevile."

"Basi wewe ni mtani wangu mara tatu, mwizi mkubwa we!" baba akapiga paja lake kwa nguvu. "Umekaa kwangu tangu jana, umekalia kigoda changu, umemtia mkwe wangu homa, hujaleta hata kuku. Mtani gani asiye na haya? Uso kama chungu kilichoungua!"

Wasomaji wa Tabora hawahitaji kuelezwa utani. Kwa wengine niseme tu kwamba kati ya Wanyamwezi na makabila waliyokutana nayo katika safari za pwani kuna sheria moja ya zamani: mtani anaweza kukutukana matusi yote, na anaweza kuchukua kitu chako mbele ya macho yako, nawe huruhusiwi kukasirika wala kumnyang'anya. Unaweza tu kumfuata ukimtania, mpaka ukipate au akuchoke. Anayevunja sheria hiyo hana tena mahali pa kulala katika njia nzima.

Mgeni aliacha kucheka. Nadhani alielewa sekunde moja kabla yangu.

"Kasimiri," akasema.

"Mtani, nimependa mtumba wako. Nauchukua."

Baba aliinama. Sijui nguvu ile aliitoa wapi. Aliuviringisha mtumba mpaka kwenye kinu, akaupandisha juu yake, akapiga magoti, akaingiza bega lake la kulia chini, pale penye sugu, akanyanyuka. Magoti yake yalilia kama mbao mbichi zinazopasuliwa. Nilikimbilia kumsaidia, naye akanikaripia, "Toa mikono yako! Wewe mikono yako imekwisha kufanya kazi hapa."

Akasimama wima, na mzigo begani. Shangazi Paskazia akaanza kulia kwa sauti. Baba akamwambia kwa Kinyamwezi anyamaze, mgonjwa anasikia.

"Unajua anayeubeba anakwenda nao mpaka wapi," mgeni akasema. Hakuwa na hasira. Aliruhusiwa kuwa nayo?

"Najua. Nifuate basi, mtani. Na usinikanyage visigino, ninyi watu wa kila kabila hamjui kutembea mstari mmoja."

Akatoka kwa mlango wetu ule uliotazama njia ya zamani, akaelekea magharibi. Mgeni akamfuata mikono mitupu. Nami nikawafuata kwa mbali, bila kuaga, bila viatu.

Tulitembea asubuhi yote katika miombo. Baba alitembea kwa hatua fupi za haraka za wapagazi, zile alizokuwa akinionyesha uani nilipokuwa mdogo tukacheka. Mwanzo alikuwa akimtania mwenzake, namsikia: mara habari ya visigino, mara ya masikio, mara ya mama yake. Mwenzake anajibu, wote wanacheka. Ukiwaona kutoka nyuma ungesema ni marafiki wawili. Baadaye kicheko kikapungua. Baadaye nikasikia pumzi ya baba tu. Alikuwa akihamisha mzigo kutoka bega la kulia kwenda la kushoto, na la kushoto halikuwa na sugu. Nikaona damu kwenye shati.

Kama saa tano tulifika pale njia inapoacha miti na kushuka kwenye mbuga. Majani ya mbuga wakati wa masika yanamzidi mtu kimo. Baba alisimama. Alisimama muda mrefu, kisha akageuka na mzigo wake, kwa taabu kama mtu anayegeuza gari la ng'ombe, akanitafuta kwa macho. Hakuwa ameonyesha kwamba anajua nawafuata.

"Sylvester."

"Naam, baba."

"Njoo."

Nikasogea mpaka hatua nne kutoka kwake. Midomo yake ilikuwa myeupe. Jasho lilikuwa limekauka, na mtu akiacha kutoka jasho katika jua lile si jambo jema.

"Mwanangu, nimechoka," akasema. "Nitue."

Mgeni alisimama kando, amefumbata mikono. Aliniangalia kwa makini, kama mwalimu anayengoja jibu la mwanafunzi.

"Mtue baba yako," akasema. "Ndiyo heshima. Ukimtua tutarudi wote, mimi na mzigo wangu, tutakaa palepale ukutani. Sina haraka."

Nilimtazama baba usoni nipate kujua anataka nini. Labda alikuwa amesahau, kwa uchovu. Labda alinipima. Labda, na hili ndilo linaloniamsha mpaka leo ingawa nimekuwa mzee kuliko alivyokuwa yeye siku ile, alikuwa anajua kila kitu na alikuwa anaogopa, na aliniomba mimi mwanawe nimtoe katika shauri lake. Uso wake haukuniambia. Ulikuwa uso wa mzee mwenye mzigo.

"Nitue, baba," akasema tena, akiniita baba kama anavyoitwa mtoto anayebembelezwa.

Mikono yangu ilitaka kwenda. Niliipeleka nyuma ya mgongo, nikashika mkono mmoja kwa mwingine, nikabana mpaka kucha zikaingia.

"Siwezi, baba," nikasema.

Alinitazama kidogo. Halafu akapandisha mzigo kwa kuruka kidogo, wanavyofanya wapagazi ili ukae vizuri, akageuka. Sikuona kama alikasirika au alishukuru. Waliteremka mbugani, yeye mbele, mwenzetu nyuma. Majani yaliwafunika mpaka kiuno, mpaka mabega. Kwa muda niliuona mtumba peke yake ukielea juu ya majani, ukienda magharibi. Kisha sikuuona. Nilishuka nikatafuta mpaka jua likapinda. Njia ilikuwa wazi na majani hayakuvunjika. Watu wa vijiji vitatu walitafuta wiki nzima, na padri alisali misa bila jeneza.

Lakini hayo ni ya baadaye. Siku ile nilirudi nyumbani jua likielekea kuzama. Nilisikia sauti kabla sijafika uani, nikasimama nje nisiweze kuingia. Kisha nikaingia.

Tekla alikuwa ameketi mkekani, mgongo ukutani, bakuli la uji mapajani. Jasho jema lilikuwa limemtoka usoni. Shangazi alikaa pembeni yake amejifunika kanga kichwani.

"Ulikuwa wapi?" Tekla akauliza. "Naamka nakuta shangazi analia, hataki kuniambia kitu. Nimekufa nini?"

"Umepona."

"Hilo najua, nina njaa." Akatazama nyuma yangu, mlangoni. "Baba yuko wapi? Mwite, uji unapoa."

"Amesafiri."

"Baba? Na magoti yale? Amekwenda na nani?"

Akanitazama juu mpaka chini, miguu yangu yenye miiba, kisha akakunja uso.

"Sylvester," akasema, "mbona umeficha mikono nyuma? Umeshika nini?"

Sikuwa nimeshika kitu. Maili zile zote nilikuwa nimerudi na mikono imeshikana nyuma vilevile, na sasa nilipojaribu kuiachanisha, ilikataa.